Kadi ya Mwokaji

Wifi yangu alipopata kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, nyumba nzima tuliota mapembe. Nasema nyumba nzima ili nisijitaje peke yangu, lakini aliyetangaza kuliko wote ni mimi. Fundi cherehani wa jirani alijua, mwenye duka la dawa alijua, hata karani wa benki ambaye hakuniuliza kitu alijua kwamba dada wa mume wangu sasa anakwenda kazini kwa helikopta. Kwamba alikuwa anakwenda kufua nguo, hilo sikulisema. Nikiulizwa nilijibu, "Yuko upande wa huduma," halafu nikabadilisha mazungumzo.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kufua ndiyo kazi aliyoijua. Kwa miaka sita tulifua pamoja, mimi na yeye, katika chumba cha kufulia cha hospitali: shuka, mapazia, magauni ya wagonjwa, mashine nne ambazo moja ilikuwa pambo tu. Mlangoni palikuwa na daftari la mahudhurio. Sasa, mimi ni mtu wa kuchelewa. Mama yangu anasema hata kuzaliwa nilichelewa wiki mbili, na tangu hapo sijawahi kuzifidia. Wifi alifika mapema kila siku, akasaini jina lake, kisha akasaini na langu. Aliiga hata kile kimkia ninachokivuta mwishoni. Miaka sita! Na hakuna aliyeumia. Shuka zilifuliwa, zikakauka, zikakunjwa. Tuliita kusaidiana, na kusema kweli nilifika mahali nikaona ni haki yangu. Siku moja alipougua na jina langu likakosekana, nilimnunia.

Kabla ya kwenda baharini walimpeleka mafunzo ya siku tano. Walimfunga kwenye kiti kama cha helikopta, wakakizamisha na kukipindua ndani ya bwawa ili ajue kutoka. Alirudi nyumbani akasema aliwaona malaika wawili, na mmoja alikuwa anamcheka. Alifaulu lakini. Wifi yangu ni mtu wa kujikaza.

Yaliyotokea huko amenisimulia mwenyewe, kwa vipande, na sijaongeza kitu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya wageni kule ni kofia ngumu ya kijani. Wenyeji wanavaa nyeupe. Ukiwa na ya kijani kila mtu anajua wewe ni wa kutazamwa usije ukaangusha kitu au ukaanguka wewe. Alipewa chumba kisicho na dirisha, vitanda viwili vya juu na chini, kila kimoja na pazia lake. Mwenzake wa chumba alikuwa mwokaji mikate, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono minene, sauti ya chini. Wanawake walikuwa wachache sana pale. Mwokaji alikuwa zamu ya usiku, akioka mikate ya watu mia na kumi, na wifi zamu ya mchana, kwa hiyo mmoja akiingia kulala mwingine anaamka. Walionana dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Katika dakika hizo kumi mwokaji alimfanya mdogo wake. Alimwonyesha ngazi zinazoteleza, akamfundisha kutochanganya ovaroli za wachimbaji, zenye tope na mafuta, na nguo za wapishi. Kila alfajiri alimwekea skonzi ya moto kwenye mto, imefungwa kwa karatasi.

Siku ya kwanza kabisa, afisa usalama aliwapeleka wageni kwenye boti la kuokolea. Kando yake palikuwa na ubao wenye kadi, kila kadi na jina la mtu na namba ya kitanda chake. Upande mmoja mwekundu, upande mwingine mweupe. King'ora kikilia, unakimbilia pale, unageuza kadi yako iwe nyeupe, unasimama kwenye mstari.

"Ukigeuza kadi," afisa aliwaambia, "unasema: mimi niko hapa, msinitafute. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," wakajibu, na wifi naye akajibu.

Zoezi lilikuwa kila Jumapili saa nne asubuhi. Jumapili ya kwanza mwokaji alikuja toka kitandani, alama za shuka shavuni, macho mekundu kama ya mkata vitunguu. Hakuna ruhusa ya kulala wakati wa zoezi, hata kama umefanya kazi usiku kucha. Alisimama akiyumba. Wifi alimshika kiwiko mpaka mwisho, na moyo ukamuuma. Miguu ya yule mama ilikuwa imevimba hadi kandambili zilimbana.

Jumapili ya pili king'ora kikalia, kipaza sauti kikasema, "Hili ni zoezi, narudia, hili ni zoezi." Wifi akazima mashine zake, akakimbia, akafika katika watu wa mwanzo, na akajiona shujaa. Akageuza kadi yake. Ya pembeni yake ilikuwa ya mwokaji, bado nyekundu. Akamfikiria kule ndani nyuma ya pazia, miguu juu ya mto. Ni zoezi tu. Akaigeuza.

Anasema hata hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Mimi najua ulijifunzia wapi.

Tenda wema nenda zako. Alitenda, akaenda zake kwenye mstari.

Kiongozi wa boti lao alikuwa mwendesha kreni, mtu mzima aliyefanya kazi baharini miaka kumi na minane, wote wakimwita Babu Kreni. Kazi yake ilikuwa kuita majina, mmoja mmoja. Lakini upepo ulikuwa mkali na watu walitaka kumaliza. Akautazama ubao, akauona wote mweupe, akashika redio: "Boti namba mbili, thelathini na wanane, wametimia." King'ora kikazimwa. Likafuata somo la kushusha boti, kisha la kutumia mpira wa zimamoto, na fundi mmoja akalowana suruali mahali pabaya. Watu wakaangua kicheko. Wifi naye alicheka mpaka akafuta machozi. Kati ya yote, hicho kicheko ndicho anachoshindwa kukisimulia bila kugeukia ukutani.

Mwokaji hakuwa kitandani. Dakika chache kabla ya saa nne alikumbuka hakuitoa siagi ya jioni kwenye chumba cha barafu, akashuka na gauni la kulalia, sweta na kandambili, akidhani ni kazi ya dakika moja. Mlango ukajifunga nyuma yake. Mpini wa ndani ulikuwa umeganda kwa barafu, haukusogea. Kengele ya dharura ilikuwepo na ilikuwa nzima. Akaibonyeza, ikalia jikoni bila kukoma, ikamezwa na kelele za mashine, na baada ya king'ora jikoni hapakuwa na mtu hata mmoja, kwa sababu wote walikuwa wamepanga mstari kwenye maboti. Mpishi mkuu aliporudi, dakika hamsini baada ya king'ora, ndipo alipoisikia.

Alitolewa akiwa hai. Vidole viwili vya mkono wa kulia, vile alivyovutia mpini, vilikuwa vyeupe kama nta.

Wifi alitumwa chumbani kumfungia nguo zake, kwa kuwa ndiye mwenzake. Akafungua pazia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, blanketi limekunjwa miguuni. Angechungulia tu! Alishuka na mkoba mpaka kwenye machela. Mwokaji, meno yakigongana, akauona mkoba wake na kusema, "Asante, mdogo wangu."

Jioni watu wote wakaitwa kwenye ukumbi wa chakula. Afisa usalama hakupiga kelele. Aliinua ile kadi, akauliza, "Nani aliigeuza?"

Wifi akatazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke, na kule hakuna hata ardhi.

Akasimama Babu Kreni. "Nilitakiwa kuita majina, nikasoma ubao," alisema. "Kosa ni langu."

Wifi akamwacha aseme. Hilo ndilo la aibu kuliko la kadi, na yeye mwenyewe anakiri hivyo. La kadi alilifanya kwa huruma. Hili alilifanya akiwa na akili zake timamu, siku mbili nzima. Mara tatu alikwenda hadi mlango wa afisa na mara tatu akarudi kwenye mashine. Nilipomuuliza aliogopa nini, alisema aliogopa mtaa wetu. Na mtaa wetu, tuseme ukweli, ni mimi na mdomo wangu.

Jumanne Babu Kreni aliagizwa arudi nchi kavu uchunguzi uendelee. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha kungojea helikopta, begi kati ya miguu, akisafisha miwani. Wifi akaingia na rundo la taulo, maana bila kitu mkononi asingeweza kuuvuka ule mlango.

"Babu, ile kadi niliigeuza mimi."

Mzee akavaa miwani, akamtazama. "Mwambie afisa. Mimi siandiki ripoti."

"Utanisamehe?"

"Nenda kwanza, binti yangu. Helikopta haisubiri."

Akaenda. Afisa akaandika kurasa mbili, akamwomba asaini. Hakumfokea. Wifi anasema angemshukuru kama angemfokea. Waliondoka na helikopta hiyohiyo, yeye na Babu Kreni, magoti yakigusana, masikio yamezibwa kwa kelele za injini, na hakuna aliyelazimika kusema kitu. Baadaye mzee alirudishwa kazini, ila si kuongoza boti tena.

Mimi nilikuwa getini na fundi cherehani nilipomwona anakuja na begi, wiki mbili kabla ya wakati. Nikapaza sauti ili fundi asikie: "Ee! Wamekupa likizo mapema hivi!"

"Nimemwaga unga, wifi," akasema, palepale mbele ya fundi.

Nikamvuta ndani kwa mkono. Aibu yangu ya kwanza ilikuwa fundi cherehani, sitaipamba. Ya pili ilikuja tukiwa jikoni, aliponieleza habari ya mkono na kadi. Hakutaja daftari la hospitali. Hakunitazama hata. Afadhali angelitaja, ningejitetea, tungegombana, yakaisha. Aliendelea kusimulia huku akikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo, na mimi nikakaa nalo lile daftari kifuani kama mwiba wa samaki.

Baada ya wiki tatu alisema anakwenda kumwona mwokaji hospitalini. Hakuweza kwenda peke yake, na mimi sikuwa na uso wa kukataa.

Tulimkuta amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Vidole viwili vilikuwa vimekatwa kwenye kiungo cha kwanza. Alimfurahia wifi hadi akataka kuinuka. Akanisalimia na mimi, akaniuliza habari za watoto. Alisema bado hajajua ataukandaje unga, lakini mtu hujifunza.

Wifi hakukaa. Alisimama upande wa miguuni, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akasema yote bila kupumzika: kadi, huruma, kicheko, siku mbili za kunyamaza. Alipomaliza alisema, "Nisamehe, dada."

 Mwokaji hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu ambaye kwa wiki tatu alikuwa akijiuliza swali moja na sasa amepata jibu, na jibu si zuri.

"Mimi nilikuwa napiga ule mlango," alisema. "Napiga kwa kandambili, napiga kwa mkono, nabonyeza kengele. Halafu nikasikia king'ora. Mdogo wangu, nilifurahi! Nikasema, afadhali, sasa watahesabu watu, wataona nimepungua. Basi nikaacha kupiga. Nikakaa juu ya boksi la siagi, nikaweka mikono kwapani, nikawa nawasubiri."