Miezi Minane ya Vipimo vya Jikoni

Teofilo Cashpa alimwoa dada yangu Donata. Kwa hiyo haya nayasema kama shemeji, tena shemeji mwenye fungu lake katika aibu hii.

Kwa miaka kumi na mmoja Teofilo ndiye aliyepima barafu ya Wamanrahu, mlima unaotupatia maji sisi watu wa kijiji cha Quishuar. Watu wa chuo kikuu walitoboa barafu wakachomeka fito nane ndefu. Kila mwezi alipanda, akapima urefu wa kila ufito uliochomoza, akaandika daftarini. Kadiri ufito ulivyochomoza, ndivyo barafu ilivyokuwa imeshuka. Alisafisha pia chombo cha kupima jua chenye vioo viwili, kimoja kikitazama mbinguni, kingine kikitazama chini. Injinia Rosalvina wa chuo hicho, aliyekuja kila Agosti, alimfundisha kwamba theluji nyeupe hulirudisha jua lilikotoka, lakini barafu iliyoingia vumbi na masizi hulinywa, na ikilinywa inakwisha. Zamani theluji mpya iliifunika barafu mara kwa mara. Siku hizi joto limepanda, na pale ilipokuwa ikianguka theluji inanyesha mvua. Teofilo alipenda kutueleza hayo, kofia imekaa upande, kana kwamba mlima ni wa baba yake.

Novemba moja ufa wa barafu ulimmeza hadi kiunoni. Alining'inia kwa viwiko, peke yake, mpaka akajikokota nje. Hakumwambia mtu, hata Donata. Mwezi uliofuata alifika kwenye mawe ya chini, akaitazama barafu, miguu ikagoma. Akarudi nyumbani, akaketi karibu na moto, akatunga tarakimu kwa kufuatisha za mwaka uliotangulia. Januari akafanya vivyo hivyo. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Mimi niliona viatu vyake. Mtu anasema katoka kwenye barafu, viatu vikavu kama vya harusi! Nikanyamaza. Nilijiambia mume wa dada hachokozwi.

Juni kamati ya maji ilimuuliza mbele ya wote kama tunaweza kufungua mashamba mapya ya viazi vya kiangazi.

"Barafu ipo," alisema. "Inapungua, lakini kwa mwendo ule ule."

Tukafungua, maji ya mfereji yakagawanywa kwa watu wengi zaidi. Kufika katikati ya Agosti, kijito kilikuwa chembamba hata kuku angekivuka. Saturnina, mjane ambaye shamba lake liko mwisho wa mfereji, viazi vyake vilikauka vikiwa na maua.

Injinia alipokuja niliwasindikiza yeye na Teofilo kubeba kamba. Sehemu ya barafu iliyolisha kijito chetu haikuwapo tena. Palikuwa na mwamba mweusi, na juu yake fito tatu zimelala kama kuni. Vioo vya kile chombo vilikuwa vimefunikwa na vumbi.

Injinia alifungua daftari. "Mzee Teofilo, Julai uliandika ufito wa pili umechomoza sentimita ishirini na nne. Ulipimia wapi?"

Teofilo alivua kofia. "Nyumbani, mwanangu."

"Na Juni?"

"Nyumbani. Tangu Desemba."

Laiti injinia angefoka. Alifunga daftari taratibu, akasema, "Ungeniambia unaogopa. Na mimi huogopa." Teofilo akageuka akatazama mwamba. Sikujua niweke wapi macho yangu.

Jumapili alisimama mkutanoni akasema yote, tangu ufa hadi tarakimu ya mwisho. Kisha Abdón, mwenyekiti wa kamati, mtu asiyejua kuumauma maneno, akapasua:

"Kumbe barafu yetu ilikuwa inayeyukia jikoni kwa Donata!"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Dada yangu alijifunika uso kwa shali. Nilitaka kusimama niseme na mimi nilijua, niliona viatu. Makalio yakaganda kwenye benchi. Mpaka leo sijasema, isipokuwa hapa.

Saturnina hakucheka.

"Mama, nisamehe," Teofilo akamwambia.

"Msamaha nitaupika niule?" akamjibu. "Wewe nipeleke huko juu nikaone mwenyewe. Sitaki tena kuambiwa na mtu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mkutano ulimvua Teofilo kazi, ukampa Saturnina, na ukaamua Teofilo ampandishe kila mwezi mpaka aimudu. Sisi tuliomzunguka Saturnina tulimpa viazi vya kula mwaka ule, kila nyumba gunia, na mashamba mapya tukayafunga. Maji hayakurudi kama zamani, wala hayatarudi.

Wanapanda wamefungwa kamba moja. Saturnina anasema magoti ya Teofilo hutetemeka mpaka kamba inacheza, lakini anakwenda. Yeye anapima, anaitaja tarakimu kwa sauti, na hamruhusu mzee kushika kalamu.

Mwaka jana injinia alileta mchoro mpya wa barafu, ukabandikwa ukutani kwenye ukumbi wa kijiji. Mstari unashuka, unakatika, halafu unaanza tena chini sana. Wageni huuliza pale katikati kulitokea nini. Teofilo akiwapo, huwahi kujibu kabla mtu hajamtangulia.

"Hapo ni mimi," husema, kisha hutoka nje.