Miraba Juu ya Mawe ya Kilungu

Nilitoka Ikutha juu ya lori la mbuzi, nikashuka Kibwezi, nikapata lori la mchanga hadi njia panda ya Salama. Kutoka hapo nilipanda vilima vya Kilungu kwa miguu, ndoo ya brashi mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya maduka, mji hadi mji. Safari hii niliitwa kuchora miraba myeusi na myeupe kwenye mbao, bila herufi hata moja.

Aliyeniita ni dada mmoja injinia aliyekuwa akijaribu roboti ndogo ya kupalilia. Roboti ilijua mahali ilipo kwa satelaiti, lakini chini ya jabali lililoinamia shamba la majaribio ishara ziliyumba, ikadhani iko hatua kadhaa kando. Tayari ilikuwa imetumbukia ukingoni na kubomoa tuta moja la kuzuia mmomonyoko, mali ya mwenye shamba, mama mjane.

“Ikibomoa lingine, mnafunga mizigo,” alituambia. “Mvua haingojei mashine.”

Tukasimika kila ubao mahali palipopimwa. Kamera ya roboti ikiuona, ingejua satelaiti imekosea kiasi gani, ijirekebishe.

Kisha akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana shambani kwa zamu, wakaja kujenga tuta lililobomoka.

“Fundi, hii duka ni ya nani, haina hata jina?”

“Na bei ya sukari umeficha wapi?”

Wakachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, kama kawaida yao. Ili mbao zisifukiwe, walizing’oa, kisha wakazisimamisha upya, zimenyooka mstari mmoja. Zilipendeza. Lakini hazikuwa tena mahali palipopimwa, na asubuhi iliyofuata roboti ikaelekea ukingoni moja kwa moja. Injinia akawahi kuizima gurudumu moja likining’inia.

“Lakini sisi tuliwapangia vizuri!” mmoja wa akina mama alilalamika.

“Vizuri sana, mama,” injinia alisema, akikaa chini palepale. Akatazama mawe makubwa yaliyotapakaa shambani. “Na haya, mnaweza kuyapanga?”

Walicheka hadi wakashikana mabega.

Nilitafuta nyuso laini za mawe, nikachora upya, naye injinia akapima upya. Roboti ikapita tuta baada ya tuta, ikigeuka kwenye kila ukingo kama ng’ombe wa jembe. Mama mjane aliifuata akikanyaga kila ukingo kwa kisigino. Hakuna uliomomonyoka. Alipofika chini alipiga kigelegele, bonde zima likaitika.

“Ibaki,” alisema. “Na nyinyi njooni mle.”

Nilikula, nikaosha brashi, nikaondoka alasiri hiyo, sijarudi. Kwenye kona ya mwisho niligeuka. Miraba yangu iling’aa ng’ambo ya bonde, na roboti ilikuwa ikienda jiwe hadi jiwe, bila mtu nyuma yake.