Vikosi Vilivyotoka Nje ya Ramani

Juzi kompyuta ya mwanangu ilipata joto, ikaanza kutoa ile harufu ya vumbi linaloungua polepole ndani ya plastiki. Mtu mwenye akili timamu angezima umeme. Mimi nilikunja ngumi. Nina shahada mbili na miwani ya kusomea, lakini pua yangu bado iko kidato cha pili, na bado imekasirika. Msinicheke kabla sijamaliza.

Shule sitaitaja jina. Ilikuwa katikati ya migomba na mibuni, na katikati ya miaka ya tisini wafadhili walituletea kompyuta moja, nzito kama jiwe la kusagia. Iliwashwa kwa jenereta Jumamosi mchana, nayo ikipata joto ilitoa harufu ileile. Mwalimu wetu wa hesabu alikuta ndani yake gemu la vita: ramani ya mto na daraja moja, iliyogawanywa vyumba vyumba kama sega la nyuki. Wekundu walikuja wengi kutoka mashariki. Wewe ulipewa kijani, wachache. Baada ya zamu kumi na mbili kompyuta ilitoa alama. Mwalimu akatangaza mashindano: kila mwanafunzi acheze mara moja, wenzake wakitazama.

Nilitaka kushinda kuliko nilivyowahi kutaka kufaulu mtihani wowote, na sababu ilikuwa baba yangu. Wakati wa vita na Uganda alikuwa balozi wa nyumba kumi kijijini kwetu, mpakani, upande wa Murongo. Badala ya kuwangojea askari wa adui, aliwaondoa watu wake wote, hadi ng'ombe wa mwisho. Wanaume wa vijiji vingine, waliokuwa na makovu ya kuonyesha, walimwita Kisigino, yaani ndicho kiungo pekee ambacho adui angeweza kukiona kwake. Walilitamka jina hilo kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakacheka, naye akacheka nao, na kicheko chake ndicho kilichoniudhi zaidi. Shuleni mimi nilikuwa Binti Kisigino. Niliamini kwamba nikishinda vita moja mbele ya watu, jina lile lingekufa.

Wavulana walitangulia, na wote walicheza vilevile: walirundika vikosi darajani, wakafa. Respicius alikufa vizuri kuliko wote. Alishikilia daraja hadi zamu ya kumi na moja, wenzake wakipiga meza. "Usiachie, mzee! Usiachie!"

Kiingereza changu kilikuwa kibovu, kwa hiyo karatasi ya maelekezo niliisoma mara tatu na kamusi mkononi. Ndiyo maana niliona walichokiruka wenye Kiingereza kizuri. Kikosi kilichotoka salama kwenye ukingo wa magharibi wa ramani kilikupa alama mbili. Kilichokufa kilimpa adui moja. Na tundu la kutokea lilikuwa moja, kikosi kimoja kwa zamu. Ukichelewa kuanza, foleni ndiyo itakayokuua, si adui. Nikahesabu kinyumenyume kutoka zamu ya mwisho.

Akili ya kijeshi sikuwa nayo. Niliiba. Baba alikuwa amesimulia mara nyingi, nami nikijifanya sisikii: wenye mwendo mdogo hutangulia, vikongwe na wajawazito, kisha ng'ombe wenye ndama, wenye nguvu mwisho. Na katika kila jiko aliacha moto wa majani mabichi, ili moshi useme watu bado wapo. Basi nikatoa kwanza vikosi vya mikokoteni, vyenye mwendo mdogo, nikaacha vikosi viwili vyembamba darajani viwe moshi wangu, vikirudi nyuma chumba kimoja kimoja. Zamu ya kumi na mbili ramani ilibaki nyekundu tupu. Nilikuwa nimepoteza kikosi kimoja. Kompyuta ikalia, ikaandika kwamba kijani wameshinda.

Kisha sauti kutoka nyuma: "Damu nzito, bwana! Kisigino kazaa kisigino!"

"Mwalimu, nimeshinda," nikasema. "Imeandikwa."

"Umeshinda nini? Daraja liko wapi?"

"Karatasi haijadai daraja, mwalimu."

"Karatasi haipigani vita, binti. Kaa chini."

Akaandika ubaoni jina la mshindi: Respicius, marehemu wa zamu ya kumi na moja.

Hasira ile niliibeba hadi nyumbani, na kama mwoga halisi nikamshushia mtu asiyeweza kunidhuru. Baba alikuwa akianika kahawa. Sikumwamkia. Nilimwuliza, mama akisikia, kwa nini hakubaki apigane hata siku moja, atuachie hata kovu.

Aliendelea kusawazisha buni kwa kiganja. "Mwana wange, niliwahesabu asubuhi, nikawahesabu jioni. Wakatimia."

"Basi?"

"Basi."

Nililiona ni jibu la mtu asiye na jibu. Ilinichukua miaka, tena nikiwa chuo kikuu, mahali ambapo watu husifiwa kwa kuchelewa kuelewa, kugundua kwamba nilizaliwa miezi mitatu baada ya msafara ule. Mama alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Nilitoka nje ya ramani kabla sijazaliwa, na kikosi cha kwanza.

Baba alipofariki, kiongozi mmoja alisimama penye kaburi akasema marehemu alipigana kishujaa mtoni. Wale wale wa rubisi wakatikisa vichwa kukubali. Walimzulia vita kwa nia njema, kwa kuwa hawakuwa na sifa ya kumpa mtu aliyerudi na watu wake wote.

Ndipo bibi mmoja jirani yetu, ambaye siku ile ya msafara alibebwa mgongoni, akapaza sauti: "Hakupigana huyu! Alitukimbiza!"

"Shh, bibi, msibani hapa," wakamnyamazisha. Walidhani anamtukana. Mgonjwa hukimbizwa hospitali, na mwizi hukimbizwa na umati. Neno ni lilo hilo, na wao walisikia la mwizi. Mimi nilisikia la mgonjwa. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na sikusimama.