Kadi ya Stroberi

Juzi, nje ya maktaba moja mjini Morogoro, nilikuta masanduku ya kadi za zamani za vitabu yakisubiri kuchomwa moto. Niliokota moja nikainusa. Ilinukia vumbi na wino, nikajikuta nimerudi shambani kwetu, juu mlimani.

Baba alikuwa mfagizi wa maktaba, na kadi zilizokosewa kuchapwa alimletea mama. Mama aliandika nyuma yake kwa herufi kubwa, KABICHI, KAROTI, akazibana kwenye vijiti na kuvichomeka matutani. Tuta la stroberi lilikuwa dogo, na matunda yake yote yalishushwa sokoni, sisi hatukuonja. Mimi niliamini kwamba mbegu zilisoma kadi ndipo zikajua ziote nini.

Basi mchana mmoja, mama alipokwenda kuchota maji mferejini, niling'oa kadi ya stroberi nikaichomeka kwenye tuta refu lililopandwa kabichi. Mama aliporudi alisimama, ndoo kichwani.

"Nani kaihamisha hii?"

"Mimi, mama. Nataka ziwe nyingi, na sisi tule."

Nilingoja kofi. Aliitua ndoo, akaitazama kadi, kisha akakikandamiza kijiti chake kisianguke.

"Haya. Tumwagilie."

Siku ya kuvuna alinipakulia sahani ya kabichi iliyokaangwa na nyanya.

"Kula stroberi zako, mwanangu."

Nilikula zote.

Kadi ya juzi nilikuja nayo nyumbani. Nimeichomeka kwenye ndoo niliyopanda mchicha. Nyuma yake nimeandika STROBERI.