Single cabin au double cabin kwa matumizi ya kila siku: nilipima kila kitu, Mbuji wakapima kwa Kasian

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika kutoka Mbuji, Mbinga vijijini. Haya yamenipata mwenyewe, na humu jukwaani kuna ndugu zangu wanaosoma kimyakimya, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi nitaumbuka mchana kweupe.

Brand sitazitaja. Nawafahamu. Nikitaja tu, kufika ukurasa wa pili mtakuwa mnatukanana kuhusu injini na mimi nimeshasahaulika. Tuziite Nyeupe na Kijivu.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za maji na mashine za kumenyea kahawa. Ufundi sikuupata chuoni. Nilisoma vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya maboksi, vile ambavyo wengine wanawashia moto. Vimenifundisha kutoamua kitu kabla sijakipima.

Baada ya miaka mingi ya pikipiki mgongo ukagoma. Nikaamua kutafuta pickup used. Njia zangu ni Mbinga mjini karibu kila siku, Ukata mara kwa mara, na Jumamosi nashuka ziwani, Kihagara, kwa wakwe.

Hizo ndizo sababu nilizowaambia watu. Ya kweli ilikuwa nyingine.

Nilitaka kimya. Nyumbani kuna watoto, kuku, na mashine za watu zinazojaribiwa kuanzia asubuhi. Kwenye pikipiki kuna upepo. Nilitaka safari moja kwa siku ambayo nimepandisha kioo, niko peke yangu, na hakuna anayeniuliza kitu. Mimi kwangu hayo ndiyo yalikuwa matumizi ya kila siku.

Basi nikapata mbili, zote za Mbinga mjini.

Nyeupe ilikuwa single cabin, bodi ndefu, mali ya bwana shamba mstaafu. Kijivu ilikuwa double cabin, bodi fupi, viti laini mbele na nyuma, mali ya Mzee Salum mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Nikapima. Kimo cha chini ya gari, inavyokata kona kwenye geti langu, hali ya springi, upatikanaji wa spea bila kuagiza mbali. Nyeupe ilishinda karibu kila kipengele. Kwenye karatasi kazi ilikuwa imeisha.

Nikaomba test drive hadi Mbuji. Nilitoka mjini nikiwa na bwana shamba. Nilifika Mbuji nikiwa na kwaya.

Sitanii. Nilipunguza mwendo kwenye kona, akina mama waliokuwa wanatoka mazoezini wakatusalimia vizuri, wakapanda. Hakuna aliyeomba. Mbele kidogo mmoja akagonga paa, "Dereva, taratibu baba, huku kuna mayai." Bwana shamba alikuwa anatabasamu tu. Nikaanza kuelewa kwa nini anauza.

Hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa Dar hawezi kulifanya, kwa sababu hana nafasi ya kulifanya.

Kwetu Umatengo kuna sengu. Kwa msioijua, ni wanaume wa ukoo kula pamoja na kuzungumza mambo ya ukoo. Sehemu nyingi imekufa, ila kwetu Baba Mdogo Otmar, mdogo wake marehemu baba, ameishikilia. Nikaona ni heshima kupita na Nyeupe pale niwape taarifa kwamba nanunua gari.

Mimi nilipeleka taarifa. Wao walipokea maombi.

Baba Mdogo hakuuliza injini wala mafuta. Aliacha sahani, akatoka nje, akaizunguka Nyeupe na fimbo yake. Kisha akamwita Kasian, binamu yangu, ambaye ndiye mrefu kuliko wote katika ukoo.

"Panda ulale."

Kasian akapanda, akalala chali kwenye bodi, akakunja mikono kifuani bila kuelekezwa. Wakafunga mlango wa bodi. Ukafunga bila kumgusa visigino.

"Linafunga," alisema Baba Mdogo. "Hili ndilo gari."

Wakarudi kwenye ugali wakaanza kupanga. Misiba kwanza. Halafu harusi, kipaimara, kahawa ya ukoo kwenda mnadani, mahindi. Nikauliza, kwa adabu, mimi nitalitumia lini. Nikajibiwa kwamba mimi ndiye dereva, kwa hiyo nitalitumia siku zote.

Wiki hiyo hiyo nikanunua Kijivu.

Walipouliza, niliwapa somo la mgawanyo wa uzito na kona za kushuka Nyasa hadi wakachoka. Yote niliyosema yapo kitabuni. Ambacho hakipo kitabuni ni kwamba nilipeleka futi kwa Mzee Salum nikapima bodi, nikaona bodi ingemwishia Kasian magotini.

Mke wangu hakuhitaji somo. Alisema, "Umenunua gari la kukimbia majeneza," akaendelea kuchambua maharage.

Baba Mdogo naye alikuja na Kasian wake. Kasian akalala, miguu ikaning'inia nje. Baba Mdogo akaitazama ile miguu, akanitazama mimi.

"Gari la mtu mmoja," akasema, akaondoka. Tangu hapo kwenye sengu nilikuwa napewa kiti cha karibu na moshi.

Sikujali. Nilikuwa na kimya changu. Wakuu, kilikuwa kitamu.

Kilidumu hadi mvua zilipoanza.

Alianza jirani mjamzito. Pikipiki zilikuwa zinateleza, na mumewe akaja kusema, "Kaka, si una viti nyuma?" Akafuata mzee wa kliniki ya macho. Wakafuata watoto wenye homa. Kisha mama mkwe kutoka Kihagara na magoti yake, amepakata ndoo ya dagaa ndani ya gari kwa sababu kwenye bodi watalowa.

Hapo ndipo nilipoona nilichosahau kupima. Marehemu unamsafirisha mara moja, na njiani haombi kushuka kununua vocha. Mgonjwa anakwenda, anarudi, anarudishwa tena kliniki, na anasindikizwa na watu wenye maoni kuhusu uendeshaji wako. Nilikuwa nimewakimbia wafu nikaangukia kwa walio hai, na walio hai ni wengi zaidi.

Halafu asubuhi moja Baba Mdogo akaanguka shambani kwenye kahawa. Kifua kilibana, pumzi inakuja kwa shida. Mimi na Kasian tukambeba, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mke wangu. Kasian akakaa mbele. Mvua ilikuwa inanyesha, na bodi ya wazi isingefaa kabisa.

Nikashika njia ya Mbinga. Vioo vimepandishwa. Hakuna aliyezungumza, hata Kasian. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, gari lilikuwa kimya kabisa, kimya kile kile nilichokuwa nakitafuta, na mimi namwomba Mungu mtu yeyote aseme neno.

Tulipokaribia mjini, sauti ikatoka nyuma, nyembamba.

"Viti ni laini."

Nikapunguza mwendo nisikie.

"Tulichagua vizuri."

Amepona. Sasa anasimulia kwenye sengu kwamba ukoo ulikaa, ukatazama mbali, ukaamua double cabin. Kasian anatikisa kichwa kukubali. Mimi nimerudishiwa kiti changu mbali na moshi, na sijabisha.

Nilichojifunza: ukitafuta pickup ya matumizi ya kila siku, kabla hujapima bodi na springi, chunguza kwanza hizo siku ni za nani.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye pickup ambayo ni yake peke yake aje atueleze anaishi wapi. Brand msitaje.