Rangi ya Bluu

Miaka kumi na mmoja Mama Funguo alipiga deki ghorofa zote za ile benki kubwa, yenye matawi nchi chungu nzima. Funguo za kila chumba alikaa nazo yeye, lakini aliingilia mlango wa nyuma. Kitambulisho chake kilikuwa cha kijani, cha wakala aliyemwajiri. Wafanyakazi wa benki walivaa vya bluu, na mwenye cha kijani kantini aliijua kwa kuifagia tu.

Mwaka jana mpiga picha alikuja kutengeneza kijitabu cha kuwavutia wanaotafuta kazi. Akapenda tabasamu lake, akamvisha bluu ya kuazima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: picha ilipendeza. Ikatoka ukurasa wa tatu, na chini yake, "Mwenzetu kwa miaka kumi. Hapa kila mtu ni wa nyumbani." Bluu yenyewe walimvua palepale.

Sasa masjala ilitaka mtu, na nafasi ilikuwa ya wafanyakazi wa benki pekee. Mama Funguo alikuwa amesomea utunzaji wa kumbukumbu, jioni baada ya jioni, miaka miwili. Kazi ile aliitaka mpaka ikamkosesha usingizi. Akajaza fomu, akaipeleka.

"Mama, wewe ni wa wakala," afisa ajira alisema bila kuinua macho.

Mama Funguo akamfungulia kijitabu mezani. "Na huyu ni nani?"

"Aa, hiyo ni picha tu, mama yangu."

"Sawa. Ngoja nikawaambie wale wa nje kwamba ni picha tu."

Akaufungua mlango. Vijana sita walikuwa wakisubiri usaili, kila mmoja na kijitabu kilekile. Binti mmoja alimkodolea macho, akatazama ukurasa wa tatu, akamtazama tena.

"Samahani mama, si wewe huyu? Kazi hapa ikoje?"

Afisa aliinuka upesi. Adabu ilimjia yote kwa mpigo. "Lete fomu, mama. Naipokea, yaishe."

"Gonga muhuri nione. Na nakala yangu pia."

Afisa akagonga mara mbili, akidhani amemziba mdomo. Mama Funguo akakunja nakala, akaitia mfukoni, kisha akamgeukia yule binti.

"Kazi si mbaya, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka mezani kwa afisa. "Ila kabla hujatia saini, uliza watakuvisha rangi gani. Mimi bluu hiyo niliivaa dakika tano."

Akashuka, akaushika mlango wa mbele. Mlinzi alitaka kusema neno, akamtazama usoni, akampisha.