Ngazi ya Bi Hamisa

Bi Hamisa hakumwamini mtu. Hata mizani ya dukani aliichungulia kwa chini kabla hajapimiwa sukari. Ndiyo maana mwaka 2007 akina mama wabangua korosho wa kijiji chake, karibu na Mnazi Bay, walimkabidhi yeye ufunguo wa stoo ya mashine.

Mashine yao ilipata umeme kwa pangaboi la upepo na vioo vya sola vilivyolazwa juu ya paa la stoo, vyote vikijaza betri. Zamani walibangua kwa mkono, na mafuta ya maganda yaliwababua vidole hadi ngozi ikabanduka. Bi Hamisa aliapa harudi huko. Basi ngazi ya paani akaifunga kwa mnyororo na kufuli, asije mtu akang'oa kioo. Alipanda yeye tu kila asubuhi, ungo kichwani, eti anakwenda kukagua.

Kiangazi kilipokolea, mashine ikaanza vituko. Asubuhi inanguruma kwa nguvu ya upepo wa usiku. Adhuhuri, jua la utosini, inazima. Bi Hamisa akamtupia jicho Thabiti, fundi kutoka Mikindani aliyeoa hapo kijijini. Umeme unakwenda wapi kama si kwake? Mbona simu yake haiishi chaji? Thabiti aliomba ngazi akaangalie vioo.

"Upande uvifungue ukaviuze?" Bi Hamisa alimjibu. "Tengeneza ukiwa chini."

Kikao kikaitwa, Bi Hamisa akaapa kwamba Thabiti anaiba umeme. Thabiti akaishia kukaa barazani kwa wakwe zake, hana kazi wala jina. Mashine haikuacha kuzima, na vidole vya akina mama vikarudi kubabuka.

Fundi mpya, Erasto, naye aliomba ngazi. Safari hii Mariamu, katibu wa kikundi, alimsimamia Bi Hamisa kiganja wazi mpaka ufunguo ukatoka.

Erasto akashuka na vipande vyeupe vya muhogo mkavu.

"Makopa ya nani yamefunika vioo?" akauliza.

Wote waliyajua. Walikuwa wameyasifia kiangazi kizima kwa weupe wake. Bi Hamisa alitaka kusema kwamba kule juu mbuzi hawafiki, na kwamba jua ni jingi, halipungui kwa kuchangiwa.

"Mwiteni Thabiti," akasema mwishowe.

"Utamfuata mwenyewe," Mariamu alimwambia. "Na ngazi utambebea."

Bi Hamisa akajitwika ngazi, akashika njia ya kwa wakwe wa Thabiti, mchana kweupe, kijiji kizima kikimwona.